Kuondoa saratani ndogo ya ngozi Uganda: jinsi ya kupanga gharama yote kabla kisu hakijagusa ngozi

Karibu kila anayeuliza kuhusu jambo hili huuliza hivi: "Kukata ni bei gani?" Anatajiwa namba, anahangaika kutafuta pesa, anakatwa, anarudi nyumbani. Miezi inapita, kidonda kinaota palepale, na akiulizwa karatasi ya maabara anasema hakupewa. Kinyama kilitupwa. Inabidi aanze upya, na safari hii kidonda kimekua na bili imekua pamoja nacho.

Kukata ni mstari mmoja tu wa bili. Unachokinunua hasa ni jibu: karatasi inayosema kile kitu kilikuwa nini, na kama kimetoka chote. Kwa hiyo bajeti yako ianzie kwa daktari wa kwanza na iishie kwenye karatasi hiyo. Ikiishia thieta (chumba cha upasuaji), umelipia nusu ya kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uvimbe au kidonda kisichozidi sentimita 2, kinachosogea juu ya nyama ukikisukuma kwa kidole, na ambaye tezi za karibu (shingoni, kwapani, kinenani) hazijavimba. Kikizidi hapo, acha kulinganisha bei na uende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kama kinyama kimeota juu ya jicho lenyewe, jambo ambalo Uganda si adimu, hasa kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, nenda kitengo cha macho. Huko wana utaratibu wao.

Namba za bei sitaziandika hapa. Hospitali mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana mara tatu, na namba uliyoisoma kwenye simu itakufanya ubishane bure na keshia. Bei yako utaipata mwenyewe kwenye hatua ya 3, kwa maandishi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kitambulisho cha taifa, cha mkimbizi, au pasipoti. Angalia jinsi jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.
- Daftari la shule la kawaida. Hospitali nyingi za serikali huandika matibabu yako humo, na ukilipoteza umepoteza faili.
- Picha za kidonda kwenye simu, zilizopigwa mchana, pembeni yake pakiwa na rula au sarafu. Piga moja kila wiki wakati unasubiri.
- Orodha ya dawa unazomeza. Zitaje zote: aspirini, dawa za kuyeyusha damu, za presha, za sukari, ARV, na hata mitishamba.
- Majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali, na jibu lake laweza kubadilisha mpango mzima wa matibabu.
- Namba ya simu ya mtu wa pili atakayepatikana maabara ikikupigia ukiwa hupo hewani.
- Karatasi moja ya bei yenye mistari kumi. Nitaieleza.
- Pesa katika mafungu matatu: la kufika kwenye uamuzi, la upasuaji, na la baada ya upasuaji. Fungu la tatu mpe mtu mwingine akushikie. Ndilo huliwa na bili ya fungu la pili, halafu nauli ya kufuata majibu inakosekana.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kitu cha kukatwa

Kuna vidonda vya ngozi ambavyo kuvikata ni kutupa pesa. Mfano mkubwa hapa kwetu ni saratani ya Kaposi. Huja kama madoa au vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi, mara nyingi zaidi ya kimoja, miguuni, usoni, au ndani ya kinywa. Husababishwa na kirusi kinachoitwa HHV-8, na hushamiri kinga ya mwili inaposhuka. Tiba yake kubwa ni ARV, na kwa wengine dawa za saratani. Utalipa kukatiwa kinundu kimoja, vingine vitano vinakungoja. Kwa Kaposi, kipande kidogo cha kupimwa kinatosha.

Zinazokatwa ni hizi tatu.

Ya kwanza ni saratani ya seli bapa. Ndiyo inayowasumbua sana ndugu zetu wenye ualbino, kwenye uso, masikio, shingo, na mgongo wa mikono. Kwa wenye ngozi nyeusi hupenda kuota juu ya kovu la zamani la moto, au juu ya donda la mguu lililokaa miaka. Donda la zamani likianza kuvimba kingo, kutoa harufu, au kutoka damu bila kuguswa, lipeleke.

Ya pili ni ya seli za msingi, ambayo hukua polepole na mara chache sana husafiri mwilini. Kwa ngozi nyeusi si ya kawaida.

Ya tatu ni melanoma, na hii haina subira. Kwetu hupenda unyayo, kiganja, na chini ya kucha. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka, au mstari mweusi wa ukucha unaozidi kunenepa na kupaka weusi kwenye ngozi ya pembeni, lionyeshe wiki hii hii. Watu huvaa viatu juu yake mwaka mzima wakidhani ni mwiba uliobakia.

Tahadhari. Usikubali kichomwe kwa umeme, asidi, au dawa ya unga ya sokoni kabla hakijapimwa. Juu kutakauka na kuonekana kumepona huku chini kunaendelea, na maabara haitakuwa na kitu cha kupima.

Umefaulu ikiwa umetoka na maneno matatu kwenye daftari: jina la ugonjwa unaoshukiwa, ukubwa kwa milimita, na kama tezi zimeguswa na kuonekana sawa. Daktari asipoandika, mwombe aandike. Hutamkosea adabu.

## Hatua ya 2: Chagua mlango

Uganda ina milango mitatu.

Serikali. Ada za wagonjwa kwenye vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Kituo cha afya cha ngazi ya IV kina chumba cha upasuaji na daktari, na kinaweza kutoa uvimbe mdogo wa mkononi au mgongoni. Wa usoni, sikioni, mdomoni, au unyayoni upeleke hospitali ya rufaa: Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Hoima, Masaka, popote palipo karibu nawe. Kampala kuna Mulago, na Kiruddu yenye kitengo cha upasuaji wa kurekebisha ngozi na majeraha ya moto. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko kilima hichohicho cha Mulago, lakini ukienda huko bila karatasi ya maabara, tarajia kuambiwa uanzie kwenye karatasi.

Bure ya serikali ina maana yake. Hulipi daktari wala chumba, ila siku glavu au nyuzi zimeisha stoo utaambiwa ununue nje. Tenga pesa ya hilo na usishtuke.

Misheni na hospitali zisizo za faida. Lubaga, Nsambya, Mengo, Kibuli, Lacor kule Gulu, na CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, inayojulikana kwa upasuaji wa kurekebisha viungo na ngozi. Unalipa, lakini foleni ni fupi na risiti zipo. Kwa mtu mwenye kipato cha kawaida na kidonda cha usoni, huu ndio mlango ningeuangalia kwanza.

Binafsi. Haraka, na hutoza kila kitu. Kliniki ndogo za mtaani zipo za kila aina, kwa hiyo uliza kama daktari ana leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Leseni hutolewa kila mwaka, na hutundikwa ukutani. Ile ya miaka minne iliyopita iliyofifia kwenye fremu ni pambo.

Kwa wakimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa haki ya huduma za umma. Anzia kituo cha afya cha kambi yako, Nakivale au Kyangwali au kwingine, uombe barua ya rufaa. Ukiruka na kwenda Kampala kwa nauli yako, unapoteza nafasi ya kusaidiwa usafiri, na kule juu wataiuliza barua hiyo hiyo.

Umefaulu ikiwa una majina mawili ya hospitali. Ukiwa na moja, huna cha kulinganisha. Ukiwa na tano, utazunguka mwezi mzima kidonda kikikua.

## Hatua ya 3: Pata bei kwa maandishi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua karatasi uandike mistari kumi:

1. Kumwona daktari mara ya kwanza
2. Vipimo vya damu, kama vinatakiwa
3. Ada ya mpasuaji
4. Chumba cha upasuaji
5. Ganzi na vifaa: glavu, wembe wa upasuaji, nyuzi, bandeji
6. Maabara ya patholojia, yaani inayopima kinyama kilichokatwa
7. Dawa za kurudi nazo nyumbani
8. Kubadilisha bandeji na kutoa nyuzi
9. Kumwona daktari kusomewa majibu
10. Nauli, chakula, na siku za kazi zitakazopotea, zako na za anayekusindikiza

Mbele ya kila mstari acha nafasi mbili, hospitali ya kwanza na ya pili. Kisha nenda dirishani. Mazungumzo huwa hivi:

"Sista, daktari ameniandikia kutolewa hiki. Gharama yake ikoje?"

Anakutajia namba moja.

"Asante. Ndani ya hiyo kuna nini? Kuna maabara?"

Hapo atanyamaza kidogo, au atasema, "Maabara unalipia kando." Namba ya kwanza haikuwa bei ya kazi yote. Endelea kwa upole, mstari kwa mstari, ukiandika mbele yake. Mtu akiona unaandika, hujibu kwa uangalifu zaidi. Mwisho mwombe akupe makadirio yenye muhuri au sahihi. Kama Kiingereza au Luganda hukimudu vizuri, nenda na mtu anayemudu. Bili ya hospitali isieleweke kwa kukisia.

Kuna maswali manne ambayo kila moja laweza kuokoa pesa nyingi.

Ni ganzi au usingizi? Kwa mtu mzima mwenye uvimbe mdogo, sindano ya ganzi mahali penyewe hutosha. Usingizi mzito unaongeza daktari wa usingizi, vipimo, na pengine kulazwa. Ukiona "kulazwa" kwenye makadirio ya kitu cha sentimita moja, uliza sababu. Sababu yaweza kuwepo: mtoto mdogo, au mahali pagumu.

Maabara inahesabu nini? Mara nyingi huhesabu kwa kila kichupa. Mwenye ualbino anayetolewa vidonda vitatu siku moja anaweza kulipa chumba mara moja lakini maabara mara tatu. Bado ni nafuu kuliko kwenda thieta mara tatu, ila ujue mapema.

Kingo zisipokuwa safi, yaani saratani ikionekana hadi pembeni mwa kinyama kilichokatwa, kurudia ni bei gani? Swali hili huwashangaza makeshia, lakini wapasuaji hulielewa. Wengine hupunguza ada ya mara ya pili. Ukiuliza baada ya tukio, nguvu ya kuomba imeshakutoka.

Nalipaje? Muamala wa kutoa pesa za simu kwa wakala hukatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya kutolea. Kwa shilingi 1,000,000, kodi pekee ni 5,000. Hospitali yenye namba ya kupokea malipo kwa simu, lipa humo humo. Utabaki pia na ujumbe wenye tarehe, hata risiti ya karatasi ikiloana.

Kuhusu bima: Uganda bado haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi, kwa hiyo wenye bima wengi wanaipata kazini. Kabla ya siku ya upasuaji omba idhini ya maandishi, na uliza waziwazi kama inagharamia maabara ya patholojia na kama ugonjwa wenye jina la saratani una kikomo chake. Bima kukubali thieta na kukataa maabara hutokea.

Umefaulu ikiwa mstari wa 6 una namba. Mingine yote ikijaa na huo ukawa mtupu, hujapata bei.

## Hatua ya 4: Kipande kwanza, au kukata chote mara moja?

Uamuzi huu ni wa daktari, lakini unagusa mfuko wako, kwa hiyo uuelewe.

Kitu kidogo kilicho mkononi au mgongoni hutolewa chote mara moja na kupelekwa maabara. Unalipa upasuaji mmoja na maabara moja. Kilicho puani, kwenye kope, au mdomoni, au kisichoeleweka ni nini, huchukuliwa kipande kwanza. Unalipa maabara mara mbili, lakini hukatwi nusu ya pua kwa ugonjwa ambao ungepona kwa vidonge.

Melanoma ina utaratibu wake. Doa lote hutolewa kwanza kwa ukingo mwembamba wa milimita chache, maabara hupima limezama kiasi gani, kisha unarudi kupanuliwa: sentimita 1 kuzunguka ikiwa kina hakizidi milimita 1, hadi sentimita 2 ikiwa limezama zaidi ya milimita 2. Bili ya pili hapa ni ya kweli. Ndugu wakianza kunong'ona kwamba daktari anakula pesa, waonyeshe aya hii.

Sasa hesabu ambayo hakuna anayekwambia dirishani. Kwa saratani za kawaida zisizo za hatari kubwa, daktari hukata pamoja na ukingo wa ngozi nzima, milimita 4 hivi kila upande, kwa seli bapa hadi 6. Uvimbe wa milimita 10 unakuwa jeraha la upana wa milimita 18. Ili ngozi ifungike bila kukunjamana nchani, jeraha huchongwa kwa umbo la jani, urefu wake karibu mara tatu ya upana. Utatoka na mshono wa zaidi ya sentimita 5 kwa kitu cha sentimita moja. Huo ndio mshono sahihi. Anayekuahidi kovu dogo kama kidonda chenyewe amepanga kuacha kingo nyuma.

Mwambie pia kama wewe au ndugu zako huota makovu manene. Kifua, bega, na ndewe ya sikio ndizo sehemu mbaya zaidi kwa hilo, na sindano za kulituliza kovu ni gharama nyingine ya baadaye.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula chakula chepesi kama ni ganzi tu, isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Oga. Vaa shati la vifungo, siyo la kuvutia kichwani. Dawa zako za presha na sukari zinywe kama ulivyoelekezwa, na dawa za kuyeyusha damu usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Sindano ya ganzi, lignokaini, huchoma kama pilipili kwa sekunde chache, kisha panakufa. Utahisi kuvutwa na kusukumwa. Ukihisi makali, sema "Musawo (yaani daktari), nasikia," na ataongeza. Kazi nzima kwa kawaida haimalizi saa moja.

Kuhusu vifaa: ukitumwa kununua, nunua duka la dawa, chukua risiti, kabidhi na uiandike kwenye daftari. Dawa na vifaa vya serikali hupigwa chapa ya kwamba ni mali ya serikali ya Uganda na si vya kuuzwa. Mtu akikuuzia ndani ya hospitali ya umma kitu chenye chapa hiyo, anakuuzia mali yako. Usigombane ukiwa umelala kitandani. Piga picha ya boksi, ulizia ofisi ya msimamizi wa hospitali ukishamaliza.

## Hatua ya 6: Linda kinyama

Mpasuaji hodari kabisa hawezi kukusaidia ikiwa kinyama kimeharibika njiani. Kabla hujainuka kitandani, omba uonyeshwe kichupa. Angalia mambo haya.

Dawa iliyomo. Ni fomalini ya asilimia 10, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kinyama kilichoshikana na ukuta wa kichupa na dawa ya kulowesha tu kitaoza katikati. Maji ya chumvi hayafai, na kukigandisha kwenye friji kunakiharibu.

Mdomo wa kichupa. Uwe mpana. Fomalini hukakamaza nyama. Kilichoingia laini kwenye shingo nyembamba hakitatoka bila kukatwakatwa, na kikikatwakatwa hakuna atakayeweza kusoma kingo.

Uzi. Kwa kidonda cha usoni au kinachoshukiwa kuwa kibaya, mpasuaji huacha uzi kwenye ncha moja na kuandika kwenye fomu uzi uko upande gani. Maabara ikisema "ukingo wa juu haukuwa safi," atajua arudi wapi. Bila uzi, itabidi apanue pande zote.

Lebo. Iwe kwenye mwili wa kichupa, maana vifuniko hubadilishana mezani. Jina la kwenye kichupa, la kwenye fomu, na la kitambulisho yafanane. Mohamed, Muhammad, na Muhamadi ni wagonjwa watatu kwa karani wa maabara. Ndugu zetu wa Congo wenye majina matatu wayaandike kwa mpangilio uleule kila mahali.

Ukipewa ukipeleke mwenyewe, jambo la kawaida sana, funga kifuniko kwa plasta, tia kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, kisha kwenye mkebe mgumu. Kisimame wima. Fomalini ni sumu na mvuke wake unawasha macho, kwa hiyo usikiweke jikoni wala karibu na watoto, na kamwe isitiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kikisafiri kwa basi kama kifurushi, piga picha ya risiti na umpigie mpokeaji siku hiyohiyo.

Umefaulu ikiwa una namba ya maabara kwenye daftari lako. Sema jina lako watafute nusu saa. Sema namba, dakika mbili.

## Hatua ya 7: Kidonda na nyuzi

Acha bandeji ya kwanza siku mbili, kavu. Baadaye osha kwa maji safi na sabuni laini, kausha, funika. Usipake majivu, mafuta ya breki, wala unga wa kapsuli.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kichwani 7 hadi 10, za kifuani na mgongoni 10 hadi 14, na za mguuni au unyayoni wiki 2 au zaidi. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuzitoa, na hapo umeokoa nauli ya kurudi mjini. Omba tu waandike kwenye daftari ni nyuzi ngapi, ili ijulikane zimetoka zote.

Damu ikivuja, bana kwa kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia. Wekundu unaopanuka, usaha, au homa: rudi siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Fuata jibu, na ujue kulisoma

Jibu la kweli halipatikani saa hiyohiyo. Kinyama hukaa kwenye fomalini karibu siku nzima, kinapitishwa kwenye mashine, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kinapakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anakitazama. Uliza ni siku ngapi, weka tarehe, na ipite siku moja tu kabla ya kupiga simu. Kimya cha maabara hakimaanishi kwamba huna ugonjwa.

Ukipewa karatasi tafuta aina ya ugonjwa, kina kwa milimita, na hali ya kingo. Kisha bajeti yako inaenda moja ya njia hizi:

Kingo ni safi na aina si ya hatari: umemaliza kulipia upasuaji. Baki na nauli ya uchunguzi.

Kingo si safi: unarudi kupanuliwa. Toa yale makadirio yenye muhuri uliyoyaomba hatua ya 3. Usingoje uone kwanza kama kitarudi, kwa sababu kikirudi huwa kimezama.

Maabara inaomba kipimo cha ziada cha rangi maalumu: hulipiwa peke yake. Mwulize daktari swali moja, "Jibu la kipimo hicho litabadilisha tiba yangu?" Akisema ndiyo, lipa.

Aina ni ya hatari au imezama: sasa ndipo unaenda Taasisi ya Saratani, ukiwa na karatasi, na mlango utafunguka haraka.

## Hatua ya 9: Baada ya hapo

Saratani ya seli bapa ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Panga kuonwa kila miezi 3 hadi 6 katika muda huo, ngozi yote na tezi, na hili laweza kufanyika hospitali ya karibu. Kwa mwenye ualbino uchunguzi haukomi. Kofia ya ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na mafuta ya jua ya SPF 30 kuendelea ni nafuu kuliko thieta. Kofia ya besiboli inaacha masikio na shingo nje, ndipo vidonda vingi huota. Jinja kuna chama cha watu wenye ualbino, SNUPA, na Uganda kuna pia shirika la Albinism Umbrella. Waulize kuhusu mafuta na kliniki za ngozi kabla hujanunua dukani.

Nakili jibu la maabara mara tatu: moja kwenye daftari, moja kwenye simu, moja kwa yule uliyemwachia fungu la tatu. Na andika namba ya bloku, yaani kile kipande cha nta chenye kinyama chako. Maabara hukitunza. Daktari mwingine akitaka kuhakikisha miezi kadhaa baadaye, anaweza kuomba kisomwe upya bila wewe kukatwa tena, na bili yake itakuwa ya kusoma tu.